Usinionyeshe tu cheti cha betri, niambie ni cha nini

Wasee, tuongee kuhusu hiki kitu ambacho kimeingia kwenye keja zetu siku hizi: betri ya sola ya kuwekwa ukutani. Tangu stima ipotee nchi nzima Agosti 2023, halafu tena Desemba mwaka huo huo, kila mtu hapa barabarani, kutoka Malili hadi Sultan Hamud, anataka yake. Kinyozi anataka, mwenye hoteli anataka, hata mathe ameanza kuuliza bei. Sina shida na hilo. Shida yangu ni karatasi.

Ukimuuliza muuzaji kama betri ni salama (na ukiwa Salama hilo swali linachekesha kidogo), anatoa simu anakuonyesha picha ya cheti. Kina muhuri, kina namba, kina jina la maabara ya China. Unatosheka, unalipa. Lakini umesoma kilichoandikwa? Nimeonyeshwa vyeti vya aina hiyo mara kadhaa na vilikuwa vya UN 38.3. Hicho ni kipimo cha Umoja wa Mataifa cha kusafirisha betri za lithiamu. Wanaitikisa, wanaigonga, wanaipitisha kwenye joto na baridi, wanaiweka kwenye hewa nyepesi kama ya ndege ikiwa juu, wanaipiga shoti makusudi. Ikipita, inaruhusiwa kusafirishwa. Basi. Hakisemi chochote kuhusu kuchajiwa kila siku kwa miaka kumi chini ya mabati ya Makueni, mtungi wa gesi ukiwa kando.

Cheti cha betri ikiwa kazini ni kingine. Kuna IEC 62619, inayoangalia kama seli moja ikiharibika moto utaenea, na kama ile saketi ya ulinzi, mafundi huiita BMS, inakata chaji ikizidi. Wamarekani wameenda mbali zaidi. UL 9540 yao haipimi betri peke yake, inapima betri, inverta na vidhibiti vyake vikiwa mtambo mmoja. Na hata kwao mambo huharibika: mwaka 2021 LG ilitangaza kurudishwa kwa betri zake za nyumbani Marekani kwa sababu ya hatari ya moto. Tofauti ni kwamba kulikuwa na kampuni ya kupigiwa simu.

Sasa hapa kwetu. Sheria tunayo. Kanuni za sola za 2012 zinasema hakuna mtu kufunga sola bila leseni, na EPRA hutoa leseni za mafundi kwa ngazi: T1 ya mitambo midogo, T2 ya kati, T3 ya ile mikubwa na inayounganishwa na stima ya Kenya Power. Vile vifaa vidogo vya taa tatu na redio, hadi wati 350, vina kipimo chao cha kimataifa kinachoangalia kifurushi chote. Lakini betri ya ukutani imetoka duka moja, inverta duka lingine, waya umekuja na fundi. Kila kipande kinaweza kuwa na karatasi yake. Vikikutana kwako ukutani, aliyekagua ni fundi peke yake, kama alikagua.

Ndiyo maana wale wanaosema "KEBS izuie tu feki bandarini" wamesema nusu. Betri halali pia inaweza kuchoma nyumba. Piga hesabu: inverta ya wati 3000 kwenye betri ya volti 24 inavuta ampea 125. Waya wa kawaida wa soketi hauwezi hata robo ya hiyo bila kupata moto. Ukikosa fyuzi karibu na betri, hakuna cha kuukata.

Na usiniambie ile betri kuukuu ya lori ni afadhali kwa sababu tumeizoea. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, na watu wanaiweka chini ya kitanda, madirisha yamefungwa. Cheche moja tu inatosha.

Najua kuna wenye watasema masharti ni ya matajiri. Nawasikia. Fundi wa hapa amejifunza kwa mikono, anafunga nyumba kwa pesa kidogo, na ukimwambia aende Nairobi kukaa kwa kozi atakuuliza nani atalisha watoto. Ukimkazia yeye peke yake, ataendelea kufanya kazi, ila kwa kujificha. Mimi naona ukali uanzie kwa anayeingiza mzigo na anayeuza. Risiti iseme betri hii inakubaliana na inverta gani, fyuzi iuzwe pamoja nayo, na namba ya leseni ya atakayefunga iandikwe hapo hapo. Halafu mtihani wa leseni uletwe Wote, kwenye chuo cha ufundi, kwa Kiswahili, kwa vitendo. Mtu ameshafunga inverta hamsini. Anachohitaji ni kuonyeshwa hesabu ya waya na fyuzi, apimwe, apewe karatasi yake kwa bei ya kueleweka. Hiyo kaunti yetu na EPRA wanaweza kukaa chini wakaipanga, haihitaji sheria mpya.

Kwa sasa, kama mathe wako yuko karibu kulipa, mwambie angoje kidogo. Akionyeshwa UN 38.3, aulize ya IEC 62619 iko wapi. Fundi naye, jina lake mlitafute kwenye orodha ya EPRA ya waliopewa leseni. Akisema leseni ameiacha nyumbani, mwambieni mtangoja aende kuichukua.