Cheti Hakibweki

Wazazi wa Nairobi na Dar es Salaam, wakitaka mbwa wa mbegu, huuliza kwanza cheti cha ukoo. Napinga. Nimetia saini vyeti vingi maishani. Najua karatasi haimtengenezi mtu, sembuse mbwa. Cheti hutaja majina ya babu na bibi, mara nyingi hakisemi kama nyonga zao zilikuwa nzima. Na kwa German Shepherd, ubovu wa nyonga hurithiwa. Aghalabu huonekana mbwa amekwisha kukua, na watoto wamekwisha kumpenda.

Basi mtakeni mfugaji awaonyeshe picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Kisha mwone mama mwenyewe, pale anaponyonyesha. Anayewaletea watoto kikapuni kando ya barabara anaficha jambo. Wala msimchukue kabla ya wiki 8, kwani kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kutong'ata kwa nguvu.

Mtasema mfugaji wa namna hiyo ni ghali. La hasha! Ghali ni kumfundisha mtoto wako kwamba kiumbe akilemaa hutupwa jalalani.