Hakuna Aliyeizunguka Ulaya Peke Yake

Kaa na watu waliosoma ng'ambo, subiri kidogo tu, mmoja wao ataitoa ile hadithi. Sasa ana kitambi, ana watoto sekondari na mkopo wa nyumba, lakini akifika hapo macho yanang'aa. Alikuwa na miaka ishirini na ushei, begi mgongoni, hela kiduchu. Alipanda treni Munich usiku akaamkia Venice. Alilala kituoni Roma, akashindia mkate na jibini, akapotea Barcelona, akajipata. Na kila baada ya sentensi mbili anaweka kiitikio: nilikuwa peke yangu, sikumjua mtu, huko ndiko nilikokuwa mtu mzima.

Kwa Wazungu wengi, wa Ulaya kwenyewe na wa Marekani na Australia, safari hii imekaribia kuwa jando. Nasi tumeipokea na imani yake yote. Siku hizi vijana wa Dar na Nairobi wanahubiriwa mitandaoni kwamba kabla hawajafikisha thelathini sharti waizunguke Ulaya peke yao, na kwamba anayebaki nyumbani anabakizwa na woga wake. Thubutu tu, wanaambiwa. Tembea uone.

Sina ugomvi na safari. Nimeifanya, na ilikuwa tamu. Ugomvi wangu ni na huo upweke wa kujisifia. Haukuwapo, haujawahi kuwapo, na kila anayeusimulia anamdhulumu mtu fulani asiyekuwapo barazani kujitetea.

Tuanze na treni. Ile tiketi moja ya kupanda na kushuka utakavyo, toka Lisbon hadi Copenhagen, haikuota kama uyoga. Mashirika ya reli, mengi yakiwa ya serikali, yalikaa mezani yakakubaliana namna ya kugawana mapato, na mwaka 1972, Umoja wa Kimataifa wa Reli ulipotimiza miaka 50, yakaitoa Interrail: mwezi mzima katika nchi 21, kwa kijana asiyezidi miaka 21. Ilikusudiwa iwe ya mara moja. Ikapendwa, ikabaki. Leo wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya, kwa mpango wa DiscoverEU, huwachagua maelfu ya vijana wa miaka 18 na kuwapa tiketi ya treni bure. Serikali inakukatia tiketi ili ukajitegemee!

Hosteli nayo ina baba yake. Richard Schirrmann alikuwa mwalimu wa shule Ujerumani. Mwaka 1909 alikuwa matembezini na wanafunzi wake, mvua kubwa ikawakuta, wakajisitiri katika jengo la shule. Hapo likamjia wazo la nyumba za bei nafuu za kulaza vijana wanaotembea nchi, na mwaka 1912 akafungua ya kwanza katika ngome ya kale ya Altena. Kile kitanda cha dabo deka ambacho msafiri wetu husimulia kana kwamba alikichonga mwenyewe kilianza na mwalimu mwenye darasa zima la watoto waliolowa.

Mpaka je? Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi tano walitia saini makubaliano ya kuondoa vizuizi mipakani wakiwa ndani ya boti, mto Mosel, ubavuni mwa kijiji cha Schengen huko Luxembourg. Vizuizi vyenyewe viliondolewa miaka kumi baadaye, Machi 1995. Noti za euro zikaingia mifukoni 2002. Ukivunjika mguu, namba ya kupiga ni 112 kila nchi. Ukiibiwa pochi, kuna ubalozi wa kwenu, na kuna mzee nyumbani mwenye akaunti. Huo ndio msafara wa huyo mtu mmoja. Wafanyabiashara wa zamani waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na wapagazi mia walikuwa na watu wachache nyuma yao kuliko yeye.

Na wala si mtindo wa jana. Vijana wa kitajiri wa Uingereza waliozunguka Ufaransa na Italia katika karne ya 17 na ya 18, ambao ndio mababu wa desturi hii, walikwenda na mlezi wa kulipwa. Adam Smith, yule mwanauchumi, aliacha kiti chake cha uprofesa Glasgow mwaka 1764 ili amsindikize Duke wa Buccleuch, kijana mdogo, kwenda Toulouse na kwingineko. Mtoto wa watu alikuwa na Adam Smith mzima wa kumwangalia! Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba mlezi haonekani tena. Amegeuzwa kuwa mtandao wa reli, mkataba, bima na kadi ya benki, na kwa kuwa haonekani, msafiri anaapa kwamba hayupo.

Waswahili waliokwenda huko kabla yetu hawakuona haya kutaja walikwenda na nani. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, safari ambayo hata leo wengi wetu hatuithubutu, na habari zake zimo katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Alikwenda pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller, na amesema hivyo. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akifuatana na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira, kisha akaandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Walikuwa watu wa makamo wenye kazi ya kufanya. Hakuna aliyedai amekwenda kujitafuta.

Sasa tufike penye uchungu wenyewe, yaani faili la viza.

Zitaje sifa za msafiri wa begi kama anavyozitaja mwenyewe. Ni kijana. Hajaoa. Ameacha kazi, au hajaianza. Hana ratiba, leo Vienna, kesho atajua akiamka. Hajui atalala wapi. Hajui atarudi lini. Hela anazo chache, na ndiyo raha yenyewe. Sasa chukua orodha hiyohiyo uipeleke dirishani ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda. Wanataka uthibitisho wa malazi. Wanataka taarifa ya benki inayoonyesha unaweza kujikimu. Wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Wanataka kuona una kitu cha kukurudisha nyumbani: barua ya mwajiri, mke, watoto, hati ya kiwanja. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Na fomu ya kunyimwa ina sababu zilizokwisha kuchapwa, mojawapo ikiwa kwamba kuna shaka kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha.

Kila sifa ambayo kwa Mjerumani wa miaka 22 ni ushujaa, kwa Mtanzania wa miaka 22 ni sababu ya kunyimwa. Halafu kijana huyo, aliyekwisha kupoteza euro 90 na nauli ya kwenda kuhojiwa, anaambiwa na mtu mwenye kamera kwamba tatizo lake ni kutothubutu. Huu ni utovu wa adabu.

Nayasema haya nikiyajua kwa pande zote mbili. Nikiwa Dar niliomba viza ya matembezi ubalozi mmoja, nikanyimwa kwa sababu hiyohiyo iliyochapwa. Baadaye nikapata nafasi ya kusoma Bonn, Ujerumani, nikapewa kibali cha ukaazi, kadi ndogo ya plastiki, na likizo ya kwanza nikapanda treni nikavuka mipaka nimelala fofofo. Moyo wangu ulikuwa uleule na begi lilelile. Hakuna mtu mpya aliyezaliwa ndani yangu kati ya Dar na Bonn. Kadi ndiyo iliyozaliwa.

Na huko hosteli, nani nilimkuta? Waaustralia. Wakanada. Wakorea. Wamarekani waliokuwa wakiulizana umetoka wapi, unakwenda wapi, kisha wanaagana kwa machozi. Watu wazuri, sina neno. Ila tunaposema kijana wa begi amezijua tamaduni za Ulaya, tukumbuke kwamba Mtaliano aliyezungumza naye kwa kirefu ni yule aliyemuuzia pizza, na wala hakuwa Mtaliano, alikuwa Mbangladeshi.

Kuna mahali hadithi hii huvuka mpaka wa upuuzi ikawa uovu. Budapest, kituo cha Keleti, Septemba 2015. Kituo hicho kimo katika kumbukumbu za kila mwenye Interrail aliyepita Ulaya ya kati. Wiki ile kulikuwa na maelfu ya vijana wenye mabegi mgongoni, wengi wao Wasyria, waliolala sakafuni, baadhi wakiwa na tiketi walizozilipia. Polisi wakakifunga kituo, kisha wakakifungua kwa abiria wengine huku wakiwazuia wao kuingia. Tarehe 4 wengi wakaamua kutembea kwa miguu kando ya barabara kuu, kuelekea Austria. Umri ni ule wa msafiri wetu, mabegi ni yale, na kulala sakafuni kwenyewe ni kule anakokusimulia akicheka. Mmoja alirudi nyumbani na hadithi ya kumkomaza, mwenzake akaandikwa magazetini kama gharika.

Sisi wa pwani tunao wa kwetu. Wazamiaji wa Dar, Tanga na Mombasa, wale wanaojiita mabaharia, wamejificha katika meli za mizigo na biskuti na madumu ya maji, bila kujua meli inaelekea bandari gani, wakiomba tu wasikutane na nahodha katili. Baadhi waliishia Cape Town chini ya madaraja ya barabara, baadhi Ugiriki. Nani amewahi kumwalika mmoja wao kwenye kongamano la vijana aeleze jinsi safari ilivyomfunza uongozi? Na hata wao mara nyingi huzamia wawili, watatu, na watakutajia mwenzao aliyewaonyesha njia.

Najua nitajibiwa kuhusu wanawake. Ni kweli, msichana anayesafiri bila mwenzake ana hofu ambazo mimi sikuzibeba, na huwa nazisikiliza hadithi zake kwa adabu zaidi. Lakini sikiliza anavyosimulia: nilichagua bweni la wanawake, nilimwambia dada nimefika, mama mmoja kwenye treni aliniita nikae karibu naye. Anawahesabu watu. Majigambo ya upweke nimeyasikia zaidi kwa wanaume.

Kwamba safari ilikubadilisha, nakubali. Ulikuwa na miaka ishirini. Ungebadilishwa hata na kuuza duka. Kijana wa Kikinga anayetoka Makete akashuka Kariakoo na kuanza kubeba maboksi hubadilika haraka kuliko wewe, na ukimuuliza alianzaje atakwambia bila kusita kwamba alipokewa na mjomba. Haoni kama mjomba anampunguzia chochote.

Anayebisha bado awatazame Waingereza. Kwa miongo kadhaa kijana wa Leeds aliyeishiwa hela Lisbon aliweza kuosha vyombo mgahawani wiki tatu, akajaza pochi na kuendelea kusini, na uzeeni akaziita wiki hizo chuo kikuu cha maisha. Tangu tarehe 1 Januari 2021, nchi yake ilipokwisha kutoka kwenye soko na mikataba ya Ulaya, kijana huyohuyo anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na akiosha vyombo hivyo bila kibali anavunja sheria. Anasimama foleni ya ukaguzi mpakani na anauliza, kwa hasira ya kweli, nani aliyemfungia Ulaya. Baba yake aliyezunguka kabla yake angeweza kumjibu, kama angekuwa anakumbuka nani alimfungulia.