Kidimbwi kirefu kwa mtoto chahitaji mhandisi, si kupunguza maji

ITUMBE, katika Kaunti ya Kisii, inafahamika zaidi kwa kiwanda chake cha majani chai kuliko kwa michezo ya majini. Bahari iko mbali, na Ziwa Victoria nalo liko nyuma ya vilima vingi. Mtoto wa Gusii huyajua maji kupitia mito, machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi baada ya mvua, na vidimbwi vya samaki ambavyo serikali ilivifadhili katika maeneo mengi nchini kuanzia mwaka wa 2009.

Hata hivyo, kuogelea sasa kumefika darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, uliingiza kuogelea miongoni mwa shughuli za viungo kwa wanafunzi wa gredi za chini. Kidimbwi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa alama ya hoteli kubwa na shule za wenye nacho, kimekuwa mradi ambao hata shule ya mashambani inaweza kuufikiria.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kidimbwi kinaweza kuchimbwa kwa kufuata fahari badala ya mahitaji, kikamwagwa zege na kutandikwa vigae, kisha siku ya kujazwa maji ikabainika kwamba hakuna mwanafunzi wa gredi ya kwanza anayeweza kusimama popote ndani yake.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka wa 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kidimbwi cha shule hujengwa ili kupunguza idadi hiyo. Kikijengwa vibaya, huiongeza.

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtoto wa miaka sita ana kimo cha takriban sentimita 115. Kina cha mita 1.2, ambacho kwa mtu mzima hakifiki mabegani, kwake yeye kimepita utosi. Anayeanza kujifunza huhitaji maji yasiyozidi kifua chake, ili akitishika aweze kusimama, apumue na kujaribu tena. Bila sakafu chini ya miguu yake, somo hugeuka kuwa mapambano ya kuokoa roho.

Kosa hili mara nyingi huanzia kwenye mchoro. Mwenye mradi huiga kidimbwi cha mashindano, mfano wa kile cha Kasarani kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987. Katika mashindano kina kirefu ni sifa, kwa kuwa hutuliza mawimbi. Kidimbwi cha Olimpiki za Paris mwaka wa 2024 kililalamikiwa kuwa kifupi kwa sababu kilikuwa na kina cha mita 2.15 ilhali vingi vya siku hizi vina mita 3. Lakini lalamiko hilo ni la waogeleaji wanaosaka sehemu za sekunde. Halimhusu mtoto ambaye hajawahi kuzamisha uso wake majini.

Kina cha ziada pia kina gharama. Katika kidimbwi cha urefu wa mita 25 na upana wa mita 10, kila mita moja inayoongezwa ni lita 250,000 za maji. Hayo ni malori 25 yenye matangi ya lita 10,000 kila moja. Maji hayo yote ni lazima yachujwe na kutiwa klorini, na katika nyanda za juu zenye baridi kama Kisii, huchelewa kupata joto.

Njia ya mkato

Wengi wanapogundua kosa hili, wazo la kwanza ni kupunguza maji. Ni rahisi na halina gharama, lakini si tiba. Midomo inayovuta maji ya juu kuelekea kwenye chujio imewekwa karibu na ukingo. Maji yakishuka chini ya midomo hiyo, pampu hunyonya hewa na uchafu wa juu hubaki ukielea. Isitoshe, ukingo hugeuka kuwa ukuta mrefu. Mtoto aliyechoka hunyoosha mkono asipate pa kushika.

Njia ya pili ya mkato ni kumwaga kifusi na kukifunika kwa saruji. Zege la mita moja ya ujazo lina uzito wa karibu tani 2.4, ilhali maji ya ujazo huo ni tani moja tu. Sakafu iliyokadiriwa kubeba maji huenda isihimili mzigo huo, hasa ikiwa ardhi iliyo chini yake haikushindiliwa ipasavyo. Ufa ukitokea, maji hupenya na kazi huanza upya.

Tiba ya kweli

Tiba zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni jukwaa la chini ya maji, linalofungwa imara katika sehemu moja ya kidimbwi na kuzungushiwa kizuizi. Nchini Bangladesh, majukwaa ya mianzi yamewekwa ndani ya mabwawa ya vijijini na watoto wakafunzwa kuogelea juu yake. Sharti ni kwamba pasiwe na mwanya ambao mtoto anaweza kuteleza akaingia chini ya jukwaa.

Ya pili ni kuinua sakafu yenyewe. Mhandisi hukagua kwanza ukuta, sakafu na udongo. Vigae hubanduliwa, kokoto hushindiliwa kwa matabaka, kisha humwagwa sakafu mpya yenye nondo na tabaka la kuzuia maji kupenya. Matundu ya kutolea maji huinuliwa pamoja na sakafu. Yanapaswa kuwa zaidi ya moja na yenye vifuniko salama, kwani tundu moja lenye mvuto mkali linaweza kumnasa mtoto. Marekani ilipitisha sheria kuhusu hatari hiyo mwaka wa 2007.

Wakati nao huzingatiwa. Kidimbwi kikikaushwa katikati ya msimu wa mvua, maji ya ardhini yanaweza kukisukuma kutoka chini hadi kikapasuka au kuinuka. Na sakafu ikishainuliwa, vijukwaa vya kurukia lazima viondolewe upande huo. Kanuni za mashindano hudai kina cha angalau mita 1.35 mbele ya vijukwaa hivyo, na anayejirusha kichwa mbele katika maji mafupi huhatarisha shingo yake.

Nani alipe?

Jibu limo katika mchoro. Ikiwa mwanakandarasi alichimba kupita kipimo alichopewa, gharama ni yake. Ikiwa alifuata mchoro, basi aliyeuchora na aliyeuidhinisha ndio wa kuulizwa. Kwa miradi ya umma, Sheria ya Ununuzi ya mwaka wa 2015 ilitoa nafasi ya kamati za kukagua na kupokea kazi. Kamati inayotia saini bila kushuka ndani ya shimo ikiwa na futi ya kupimia huwa imehamisha deni hilo kutoka kwa mjenzi hadi kwa mzazi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha kina hugharimu dakika chache kabla ya zege kumwagwa. Baada ya hapo hugharimu mamilioni, na kama watu watanyamaza, maisha ya mtoto. Kabla ya jembe la kwanza kupiga ardhi, iwe Itumbe au kwingineko, swali la kuulizwa si kidimbwi kitakuwa kikubwa kiasi gani. Ni mtoto gani atakayesimama ndani yake, na maji yatamfika wapi.