Hopsi za Flanders: Mkataba ni kinga, lakini haitoshi

MKULIMA wa mahindi anaweza kubadili zao msimu unaofuata bei ikianguka. Mkulima wa hopsi hana nafasi hiyo.

Hopsi ni mmea unaokwea, ambao maua yake huipa bia uchungu na harufu. Mizizi yake hukaa ardhini miaka mingi, na kila mwaka mmea hupanda upya kwenye nyaya zilizofungwa juu ya nguzo za mita sita au zaidi. Nguzo, nyaya, mashine ya kuchuma na tanuri la kukaushia hugharimu fedha nyingi, wakati mavuno kamili huja baada ya miaka miwili au mitatu. Aidha, maua mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Yasipokaushwa mara baada ya kuchumwa huharibika.

Hesabu hiyo wanaijua vizuri wakulima wa Godewaersvelde na Boeschepe, vijiji vidogo vya kaskazini mwa Ufaransa, mpakani na Ubelgiji. Sehemu hiyo ya Flanders iliingia Ufaransa kwa Mkataba wa Nijmegen wa mwaka 1678, lakini majina ya vijiji bado ni ya Kiflemi, na hopsi kwa Kiflemi cha huko ni "hommel". Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Poperinge, unaojulikana kwa zao hilo hilo.

Tatizo ni kwamba bei haipangwi kijijini. Ujerumani na Marekani huzalisha zaidi ya theluthi mbili ya hopsi zote duniani. Tena, kiwanda cha bia hakitazami uzito tu, hutazama pia uchungu. Zilipopatikana aina zenye uchungu mkali zaidi, kilo chache zilitosha kutengeneza bia ile ile. Matokeo yake, wakulima wa hopsi katika Flanders ya Ufaransa wamebaki wachache.

Waliobaki wamejihami kwa njia tatu. Kwanza, wanauza kupitia ushirika badala ya kila mmoja kubembeleza mnunuzi peke yake. Pili, wanafunga mikataba na viwanda kabla ya mavuno. Tatu, wapo wanaosindika wenyewe: karibu na mji wa Bailleul, shamba la Beck hulima hopsi na kutengeneza bia yake, Hommelpap.

Hata hivyo, mkataba nao una mipaka. Viwanda vidogo vya bia vilipoongezeka, wakulima wengi duniani walipanua mashamba. Baadaye mauzo ya bia yalilegea, maghala yakajaa, na Marekani ikapunguza eneo la hopsi mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Viwanda vilivyokuwa vimeagiza kupita mahitaji vilianza kuomba kupunguziwa au kuahirishiwa mzigo.

Hopsi huhitaji siku ndefu za majira ya joto, hivyo si zao rahisi karibu na ikweta. Lakini somo lake linamgusa kila anayepanda kahawa, vanila au parachichi, mazao ambayo hayang'olewi kwa hasira ya msimu mmoja. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mkulima aulize: nani atanunua, kwa miaka mingapi, kwa kipimo gani cha ubora, na mnunuzi akikwama, hasara itabebwa na nani?