Ishara ya Mkono si Pambo



Wapo miongoni mwetu wapandao baisikeli kila asubuhi kwenda kazini, nao husema, "Ya nini kunyosha mkono? Wenye motokaa hawautazami." Neno hili twalikataa. Ni sawa na karani aachaye kuandika barua kwa kuwa mkubwa wake ni mvivu wa kusoma.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani humhesabu mpanda baisikeli kuwa dereva. Nao humtaka kila dereva, kabla ya kugeuka, atoe onyo lililo wazi na la kutosha, kwa taa, au kama hana taa, kwa mkono. Basi atakaye heshima ya dereva na atimize wajibu wa dereva.

Mkono utokao wakati gurudumu limekwisha kugeuka si onyo. Ni barua ifikayo baada ya shauri kukatwa. Katika Tanzania na Kenya, ambako twaenda upande wa kushoto, hatari kubwa imo katika kugeuka kulia, maana hapo twakata njia ya watufuatao na ya watujiao mbele. Utaratibu ni huu: kwanza tazama nyuma, pili nyosha mkono wote sawa na bega, wala si kidole, tatu urudishe kwenye usukani na breki, ndipo ugeuke, ikiwa njia ni nyeupe. Ishara ni habari, si ruhusa. Anyoshaye mkono na kujitupa mbele ya lori amejidhulumu nafsi yake.

Lakini wenye motokaa nao hatuwaachi. Wengi wao jana walikuwa juu ya baisikeli kama sisi. Leo mkono wa mwenzao huuona kama wa mtu afukuzaye nzi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na katika kila watu 100 waliokufa, 6 hivi walikuwa wapanda baisikeli. Dereva aonaye mkono asipunguze mwendo hana haki ya kusema hakuambiwa.

Kwa hiyo twasema na pande zote mbili: mwenye baisikeli na aseme mapema, mwenye motokaa na asikie. Asiyesema na asiyesikia wote wana hatia, ila azikwaye kwa kawaida ni yule wa baisikeli.