TREKTA SI LA KULIMA TU

Kila mwaka mvua zikiisha na mahindi yakikauka, jambo moja hurudi vijijini mwetu kana kwamba limeandikwa. Mkulima aliyetoka jasho tangu kupanda huvuna, hupukuchua, hujaza magunia, kisha huyapanga chini ya mwembe au ndani ya chumba wanacholala watoto wake. Hana ghala. Mnunuzi hufika na lori lake, huyaona magunia yamelala nje, naye hutaja bei aitakayo. Gunia lenyewe hujazwa lumbesa mpaka likaota kichwa juu ya mdomo wake. Mkulima hukubali, si kwa kuwa bei ni nzuri, bali kwa kuwa hana mahali pa kuyaweka mahindi yake akasubiri. Mwezi wa Februari ukifika, mkulima yule yule hwenda dukani kununua debe la mahindi kwa bei iliyo kubwa kuliko ile aliyouzia. Huu ndio unyonge tunaotaka kuuzungumza leo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi isiyo na nyumba huoza, tena huua. Tangu mdudu dumuzi aingie nchini kwa njia ya Tabora, yapata miaka arobaini na kitu iliyopita, gunia lililosahauliwa pembeni limekuwa likigeuka unga wa vumbi. Yako na mabaya zaidi ya hayo. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huzaa sumu. Mwaka 2004, nchini Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika Dodoma na Manyara, nalo likaacha misiba. Kwa hiyo anayesema kwamba ghala ni anasa ya baadaye hajafikiri sawasawa.

Basi ghala litoke wapi? Wengi hujibu kwamba wanangoja mfadhili, au wanangoja mkandarasi, au wanangoja bajeti ya mwaka ujao. Sisi twasema kwamba kijiji chenye miti, chenye mikono na chenye trekta dogo moja la chama cha ushirika kina zaidi ya nusu ya ghala tayari. Trekta hilo hulima kwa majuma machache tu, kisha husimama chini ya mti mpaka msimu mwingine, likinyeshewa na kuota kutu. Vivyo hivyo matrekta ya magurudumu mawili, yale yanayoitwa pawatila, yaliyoletwa kwa wingi baada ya kutangazwa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Yapo yaliyolalamikiwa kwamba hayakumudu ardhi ngumu. Lakini pawatila lililoshindwa na udongo mgumu halishindwi kuvuta tela la mchanga, mawe na nguzo.

Ujenzi tunaousema ni wa nguzo zilizochimbiwa ardhini, ambazo hubeba paa lote, hata ukuta ukawa kazi yake ni kuzuia upepo, mvua na wezi tu. Wakulima wa Marekani walianza kujenga mabanda ya namna hiyo katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya fedha, wakitumia nguzo kama zile za nyaya za umeme. Hawakuwa na msingi mrefu wa zege wala fedha za kuununua. Na kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Tembe za Ugogo husimama juu ya nguzo zilizofukiwa. Boriti za mikoko zimekatwa Lamu na Rufiji kwa karne nyingi, na majahazi yakazipeleka hata Ghuba. Kilicho kipya ni trekta tu, nalo linakuja kumpunguzia mzigo fundi wa zamani.

Tuchukue mfano wa ghala la mita 12 kwa 6. Nguzo zikisimama kila baada ya mita 3, kila upande mrefu utakuwa na nguzo 5, na katikati ya kila upande mfupi nguzo moja. Jumla nguzo 12. Kila nguzo iwe na urefu wa mita 5, na kati ya hizo mita 1 na sentimita 20 ziingie ardhini, juu ya jiwe pana au zege lililokauka. Kiwanja kiwe mwinuko, maji yasituame. Pembe zipimwe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari ukiwa mita 5 basi pembe imenyooka. Baadaye pimeni mishazari miwili ya jengo zima, isipolingana, msichimbe.

Nguzo moja mbichi ya mkaratusi ya urefu huo yaweza kupita kilo 100. Hapa ndipo trekta linapoonyesha faida yake. Huivuta nguzo kutoka shambani, huichimbia shimo kama kuna keekee ya udongo, na huisimamisha kwa kamba iliyopitishwa juu ya miti miwili iliyofungwa panda. Ubao mmoja huwekwa ndani ya shimo ili tako la nguzo liteleze bila kubomoa udongo. Nguzo ikisimama, hupimwa kwa timazi, hushikizwa kwa mbao za mshazari, na udongo hurudishwa kidogo kidogo ukishindiliwa kila tabaka. Kenchi zifungwe kwa boliti, si kwa misumari peke yake, kwa maana upepo huanza kazi yake chini ya bati.

Lakini mashine haina huruma, wala haimjui mwenyekiti. Kamba ya kuvutia ifungwe katika chuma cha chini kabisa nyuma ya trekta. Ikifungwa juu ya ekseli, trekta huinua pua na kumpindukia dereva. Shafti ya nyuma inayozungusha zana hupiga mizunguko 540 kwa dakika moja. Ikishika pindo la kanga au mkono wa shati, hakuna atakayewahi kuizima. Basi ifunikwe, na asiyehusika asiikaribie. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara, wala asisimame mtu chini ya nguzo inayoinuka. Ghala lililojengwa kwa mguu wa kijana mmoja ni ghali kuliko lile la mkandarasi.

Twajua maneno ya wanaopinga. Husema kwamba miti huliwa na mchwa. Ni kweli, ndiyo maana hatusemi mti wowote. Viwanda vya pande za Mufindi na Njombe hutia nguzo za umeme dawa inayosukumwa kwa nguvu mpaka ndani, na nguzo kama hizo ndizo za kununuliwa. Kupaka oili chafu peke yake hakutoshi, kwani huishia kwenye ngozi ya mti. Tena nguzo zenye dawa zisigusane na nafaka, na vipande vyake visichomwe jikoni kamwe, kwa kuwa moshi wake una sumu. Wengine husema kwamba jengo hili halifai kumwagiwa mahindi ovyo yakasukuma kuta. Nao wasema kweli. Ni ghala la magunia, yaliyopangwa juu ya vichaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kukagua, na mahindi yawe yamekauka barabara kabla hayajavuka mlango. Wala halitakuwa ghala la kutolea stakabadhi, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2005 inataka ghala hilo liwe na leseni. Litakuwa mahali pa kwanza pa mkulima kusimama na kusema, “Sasa siuzi.”

Wapo pia wanaotukumbusha kwamba nchi hii imekwisha kuona matrekta yakishindwa. Naam, mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa kwa mitambo mikubwa, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mwaka 1951 ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda na vumbi. Lakini mpango ule ulianzia kwenye mashine, na wenye ardhi wakaitwa baadaye kuwa vibarua. Sisi twataka kazi ianzie katika mkutano wa kijiji, na trekta liitwe kama kibarua.

Neno letu la mwisho ni kwa wafanyakazi wa mijini. Unga mnaoula ni wa mahindi hayo hayo, na bei inayomwumiza mkulima mwezi wa Februari huwaumiza ninyi pia. Kati yenu wamo maseremala, makanika, waashi na mafundi wa umeme, ambao kila mwaka huenda likizo kwao. Siku chache za fundi mmoja mwenye timazi na msumeno, akiwasimamia vijana wa kijiji, zina faida kuliko fedha nyingi zinazotumwa bila mtu. Nanyi viongozi wa ushirika, litoeni trekta chini ya mti. Andikeni katika daftari mafuta linayotumia na magunia yanayoingia na kutoka, na daftari hilo lisomwe mbele ya wanachama wote. Ghala lisilo na hesabu huliwa na mdudu asiyeuawa kwa dawa.

Mavuno yajayo hayako mbali. Nguzo 12 zichimbiwe kabla hayajafika.