Famasi zinaongezeka, usalama je?

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare,

Famasi zinaongezeka kwetu, na hatuzikatai. Mgonjwa akikuta kituo cha afya hakina dawa, lazima apate pa kununua. Lakini kila mwenye famasi anajitafutia kartoni zake mwenyewe. Zimetoka wapi, nani amezikagua? Mnunuzi hajui.

Kenya kuna kampuni za famasi zenye matawi mengi. Goodlife ni moja yao: mwaka 2016 LeapFrog iliiwekea dola milioni 22. Nguvu ya kampuni kama hizo ni kununua dawa nyingi kwa pamoja, kisha kugawia matawi. Ila kampuni inafuata pesa, njo maana inafungua penye barabara na umeme. Kwetu haitafika kesho. Kartoni ya Kabambare inapanda pikipiki kwenye matope, na nauli yote inaingia katika bei ya kidonge.

Basi tuchukue kile kizuri: kununua pamoja na kukagua pamoja. Kujipanga si jambo geni hapa. Kuanzia 1971, Mradi wa Kasongo, pamoja na chuo cha Antwerp cha Ubelgiji, ulipanga vituo vya afya na hospitali vifanye kazi kama mwili mmoja. Mfano wa zoni ya afya ulisomwa hapa kwetu, na leo tunakosa hata orodha ya famasi zenye ruhusa!

Bila ukaguzi watu wanaumia. Ituri, mwisho wa 2014 na mwaka 2015, watu zaidi ya 1,000 walilazwa, shingo na uso vikikakamaa. Vidonge viliuzwa kwa jina la diazepam. Ndani kulikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. ACOREP, inayosimamia dawa nchini, iliundwa 2020. Kazi yake isiishie Kinshasa.

Sisi raia tunaomba:

1. Wakubwa wa zoni za afya wabandike orodha ya famasi zenye ruhusa: sokoni, kanisani, msikitini.
2. Famasi hizo na zoni za afya zinunue dawa pamoja, na bei iandikwe ukutani.
3. Serikali ya jimbo na ACOREP waajiri vijana wenye diploma, wafundishwe kukagua stoku. Tuko wengi, tumemaliza université, tumekaa bure.
4. Barabara ya Kasongo–Kabambare itengenezwe. Hiyo pia ni dawa.

Na sisi wenyewe tuanze leo: tuangalie tarehe ya mwisho kwenye boksi, tuombe risiti, tukatae vidonge vilivyoanikwa juani. Muuzaji akikasirika juu ya swali, twende kwa mwingine.

Afya ni haki. Tuidai pamoja, bila fujo, bila kuchoka.